UZI: Laxton, kijiji cha Uingereza ambako mipaka ya mashamba bado inakaguliwa kwa miguu kila Novemba

Mwana wa Masale (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuweka kiporo muda mrefu, leo nautoa.

Asubuhi moja ya mwisho wa Novemba nilisimama pembezoni mwa shamba la ngano katikati ya Uingereza, matope yamenifika vifundoni, nikiwatazama watu kama kumi na wawili wakishuka kwenye trela la trekta. Walikuwa na nyundo, sepeto na mzigo wa vigingi vya mbao. Hawakuja kulima. Walikuja kuangalia kama kuna mtu aliyekula ardhi ya mwenzake.

Kijiji kinaitwa Laxton, kiko mkoa wa Nottinghamshire, karibu na miji midogo ya Ollerton na Tuxford. Mimi naishi Nottingham kwa kazi. Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa kule mashambani, alinisikia siku moja nikipiga simu nyumbani kuhusu kesi ya mpaka. Akaniuliza tunagombania nini. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema: njoo nikupeleke mahali.

Kesi yenyewe ni hii. Mimi ni wa Kibosho, uchagani. Babu alipofariki, jirani alisogeza masale hatua nne kuingia kwenye kihamba chetu, yaani shamba la ukoo. Asiyejua: masale ni ule mmea tunaoupanda mpakani, na kwetu una heshima yake. Hung'oi sale la mwenzako, na ukitaka kuomba msamaha mkubwa unapeleka jani la sale. Sasa mtu kaling'oa usiku na kulipanda kwingine. Tumehangaika miaka, na hatua zenyewe ni nne tu! Kwa hiyo nilipofika Laxton nilikuwa na jeraha langu tayari, na ndiyo maana kijiji hiki kimenikaa moyoni kuliko London na Liverpool zote nilizozunguka.

Kwa nini Laxton? Kwa sababu ndicho kijiji cha mwisho Uingereza ambacho bado kinalima kwa mtindo wa kale wa mashamba ya wazi na bado kina baraza lake la wakulima la kuyasimamia. Kuna masalia ya mashamba ya namna hiyo sehemu nyingine, kwa mfano Braunton kule Devon, ila baraza lenye meno limebaki Laxton peke yake.

Nitaeleza kwa awamu. Nina chai mezani na kesho sina kazi.

---

Mkulima Mdogo Mbozi

Nimeweka mkeka hapa mbele. Mashamba ya wazi maana yake nini, mkuu? Hakuna mwenye shamba?

---

Mwana wa Masale

Wenyewe wapo, mkuu, na kila mtu anaijua sehemu yake. Kinachokosekana ni uzio.

Ardhi kubwa ya kulima ya kijiji imegawanyika katika makonde makubwa matatu: West Field, South Field na Mill Field, hilo la mwisho likiitwa hivyo kwa sababu ya kinu cha upepo. Ukisimama katikati ya konde moja huoni ua wala senyenge, unaona uwanda mmoja unaoteremka na kupanda. Ila uwanda huo umekatwa vipande virefu vyembamba. Kwa Kiswahili neno tunalo kabisa: ngwe. Mkulima mmoja ana ngwe hapa, nyingine kule ng'ambo baada ya ngwe za watu watano, nyingine konde la pili, nyingine la tatu. Za jirani yake zimechanganyika na zake. Kati ya ngwe na ngwe hakuna kitu zaidi ya mfereji mdogo wa plau na kile kigingi.

Urefu wa ngwe una sababu yake. Enzi za maksai, kazi ngumu haikuwa kwenda mbele, ilikuwa kugeuza. Timu ya ng'ombe wanaovuta plau zito kwenye udongo wa mfinyanzi ukiigeuza kila baada ya hatua ishirini utaiua. Kwa hiyo walilima mstari mrefu, mita kama 200, kabla ya kugeuza. Ukichukua mstari huo ukaupa upana wa mita kama 20 unapata eka moja, ambayo kwa desturi ilihesabiwa kuwa kazi ya siku moja ya plau. Wakuu, hii eka tunayouziana Kibaigwa na Mbeya ndiyo hiyohiyo! Tunapima ardhi yetu kwa pumzi za ng'ombe wa Uingereza wa zama za kati.

Mzunguko wa mazao ni wa miaka mitatu. Konde moja linapandwa ngano kabla ya baridi kuingia. La pili linapandwa wakati wa majira ya kuchipua, mara nyingi shayiri. La tatu linapumzishwa. Mwaka unaofuata yanapokezana. Kwa kuwa konde zima linafuata zamu moja, huwezi kuamka asubuhi ukasema mimi ngwe yangu nitapanda nitakavyo. Ukipanda kwenye konde la mapumziko, zamani ungekuwa umewalisha kondoo wa kijiji kizima, maana mifugo ya wote ilifunguliwa humo ikale na iache samadi.

---

Fundi Ramani

Mkuu, nimefanya upimaji miaka kumi na saba, Singida mpaka Rukwa. Kitaalamu tunaambiwa vipande vilivyotawanyika ni hasara: muda wa kutembea, mipaka mingi, ugomvi mwingi. Kwa nini watu wenye akili timamu wakubali kugawiwa hivyo?

---

Mwana wa Masale

Swali zuri sana fundi, na mimi nililiuliza kwa maneno hayohayo.

Ardhi ya Laxton si sawasawa. Kuna mahali udongo ni mzito, maji yanasimama. Kuna mteremko unaokauka mapema. Kuna panapopigwa na baridi. Ukimpa mtu mmoja kipande chake chote bondeni, mwaka wa mvua nyingi huyo amekufa njaa wakati wa mlimani anauza. Ukimpa kila mtu kidogo cha kila mahali, kila mwaka kila mtu anapata kitu. Halafu kazi: plau na ng'ombe vilikuwa ghali, familia zilichangiana, na inawezekana ngwe ziligawiwa kwa kufuata zamu ya kulima, leo yako, kesho yangu.

Kwetu uchagani tumefanya hivyo tangu zamani na hakuna aliyetuita wajinga, angalau sisi wenyewe hatukuitana. Familia ina kihamba juu penye migomba na kahawa, na ina shamba chini tambarare kwa mahindi. Juu kukiharibika, chini kuna kitu.

---

Bibi Shamba

Mwanangu unaandika vizuri, Mungu akubariki. Mimi nataka kujua kuhusu kijiji chenyewe. Nyumba zikoje? Watu wanaishije? Umetupeleka shambani hata nyumbani hatujakaribishwa.

---

Mwana wa Masale

Shikamoo bibi. Nisamehe, karibu ndani.

Laxton ni mtaa mmoja mkuu uliopinda, na njia ndogo mbili tatu. Sehemu nyingi za Uingereza nyumba ya mkulima iko peke yake katikati ya mashamba yake, mbali na wenzake. Laxton nyumba za wakulima ziko kijijini, mlango kwa mlango, kwa sababu ngwe zao zimetawanyika na hakuna mahali pamoja ambapo pangekuwa katikati ya shamba la mtu. Nyingi ni za matofali mekundu na vigae vyekundu, na kadhaa zimekaa kwa ubavu, ncha yake ndiyo inayotazama barabara. Nyuma ya kila nyumba kuna kiwanja kirefu chembamba chenye banda, miti ya matunda na majani. Trekta inatoka kwenye ua wa nyumba, inapita mbele ya kanisa, inaenda konde.

Kanisa ni la Malaika Mkuu Mikaeli. Ndani kuna sanamu za makaburi za ukoo wa Everingham waliotawala hapo zama za kati, na mojawapo ni ya mwanamke, imechongwa kwa mti wa mwaloni badala ya jiwe. Nilikaa nayo muda mrefu. Mti wa miaka mia sita na zaidi, na mikono yake bado imekunjwa kwa sala.

Kaskazini ya kijiji kuna kilima cha ngome. Wanormani walipoivamia Uingereza mwaka 1066 waligawana nchi, na Laxton walijenga ngome ya udongo na mbao. Mabwana wa ngome hiyo wakawa walinzi wa msitu wa Sherwood kwa niaba ya mfalme. Leo hakuna ukuta hata mmoja, ni kilima cha majani na handaki, kondoo wanakula pale walipokuwa wakikaa askari.

Kuna baa ya kijiji, Dovecote Inn. Ikumbuke hiyo, tutairudia. Na karibu na njia kuna zizi dogo la mviringo la matofali. Zamani mnyama akikutwa anazurura kwenye mazao ya watu anafungiwa humo, mwenyewe anakuja kumkomboa kwa faini. Kila nikiliona nakumbuka mbuzi wetu alivyoshikwa na mgambo, babu akaenda kumtoa akiwa amevaa koti lake la kanisani ili waone aibu kumtoza nyingi.

---

KahawaChungu254

Nimetoka Murang'a, nimesoma mpaka hapa na nina swali. Sisi tulifunzwa shuleni kwamba Waingereza waliacha huo mtindo zamani, ndiyo wakaendelea. Laxton ilibaki vipi?

---

Mwana wa Masale

Kaka, hapa ndipo penye moyo wa uzi.

Ni kweli waliacha. Bunge lao lilipitisha sheria moja baada ya nyingine, kila moja kwa kijiji chake: ngwe zifutwe, ardhi ya pamoja igawanywe, kila mwenye hati apewe kipande kimoja na akizungushie ua. Kati ya mwaka 1604 na 1914 zilipita sheria zaidi ya 5,200 za aina hiyo, zikagusa eka milioni 6.8 hivi, yaani zaidi kidogo ya moja ya tano ya England yote. Kilimo kiliongeza mavuno, hilo silipingi. Lakini mtu aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu na haki ya kumchunga kwenye ardhi ya kijiji, bila hati, alibaki na ng'ombe bila pa kumpeleka. Wengi wao waliishia kuwa vibarua au kuhamia mijini.

Hata Laxton sehemu ya ardhi ilizungushiwa ua. Lakini yale makonde yaliponea. Maelezo yanayotolewa kijijini ni kwamba katika karne ya 19 ardhi ilikuwa na mabwana wawili wakubwa, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, na hawakuafikiana namna ya kubadilishana vipande. Mafahali wawili walishindwa kupatana, na safari hii nyasi zikapona.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ngwe ziliunganishwa kidogo ziwe pana zaidi, zikapungua idadi, ila mfumo ukabaki. Mwaka 1952 Earl Manvers wa wakati huo aliiuza Laxton kwa serikali, Wizara ya Kilimo, kwa lengo kwamba mtindo wake usipotee. Mwaka 1981 ikapita mikononi mwa Crown Estate, taasisi inayosimamia ardhi za Taji. Na mwaka 2020 ikanunuliwa na Thoresby, milki ya ukoo uleule wa Manvers. Imerudi ilikotoka.

---

KahawaChungu254

Ngoja. 1952 umesema?

Mwaka 1952 ndio Kenya ilitangaziwa hali ya hatari. Na mwaka 1954 ukaja mpango wa Swynnerton: vipande vya Wakikuyu vilivyotawanyika vikusanywe, kila mtu apewe shamba moja na hati. Guka, yaani babu yangu, alikuwa na vipande sita, kimoja karibu na mto kwa nduma, kimoja juu kwa viazi. Aliwekwa kizuizini. Alipotoka alikuta amekusanyiwa vyote sehemu moja, kwenye mawe. Waliokuwa nyumbani na wenye urafiki na chifu walichagua kwanza. Huko kwetu kulikuwa na udanganyifu mwingi hadi kazi ya upimaji ikabidi irudiwe baadaye.

Kwa hiyo serikali ileile ya London ilikuwa inanunua kijiji chake ili vipande visiunganishwe, na miaka miwili baadaye ikaja kutuunganishia vyetu kwa nguvu?

---

Mwana wa Masale

Ndiyo, kaka. Tarehe ni hizohizo ulizoziona.

Siku nilipoziweka pamoja kwenye daftari langu nilitoka nje nikatembea. Wizara moja London inasema mtindo huu ni urithi, uhifadhiwe. Wizara nyingine London inasema mtindo huu ni kizuizi cha maendeleo, ufutwe. Tofauti ni nani anayelima.

Na kuna jambo linalonigusa mimi Mchagga. Roger Swynnerton, kabla hajaenda Kenya, alikuwa bwana shamba Tanganyika, alifanya kazi Moshi na wakulima wa kahawa wa KNCU, chama chetu cha ushirika Kilimanjaro. Aliviona vihamba vyetu. Alijua fika kwamba mkulima anaweza kuwa na juu na chini.

Pole sana kwa guka. Hilo la kuchaguliwa shamba na wengine ukiwa kizuizini ni dhuluma isiyo na jina lingine.

---

Fundi Ramani

Nakiri nimejifunza. Sasa tuambie hilo baraza. Lina nguvu ya kisheria au ni maonyesho ya watalii?

---

Mwana wa Masale

Lina nguvu, fundi. Zamani kila milki Uingereza ilikuwa na baraza lake: ugomvi, nguruwe waliopotea, pombe iliyochakachuliwa, mifereji isiyozibuliwa, yote yaliishia hapo. Mwaka 1977 Bunge lilipitisha sheria iliyoyaondolea mabaraza hayo ya kale mamlaka ya kuhukumu. Laxton ikaachwa makusudi, kwa sababu makonde hayawezi kuendeshwa bila baraza.

Linafanya kazi hivi. Kila mwaka wanaapishwa watu wa jopo kutoka miongoni mwa wakulima, na wana kiongozi wao. Mwisho wa Novemba, ngano ikiwa imeshachipua, jopo linalizunguka konde la ngano lote. Hilo tu, kwa kuwa ndilo lililotoka kulimwa. Baada ya miaka mitatu makonde yote yanakuwa yamepitiwa. Wanaangalia kila mpaka. Nani amelima akaingia kwa jirani? Nani amekula njia? Nani hakuzibua mfereji? Panapotiliwa shaka wanapiga macho kutoka kigingi hadi kigingi, wanachimba, wanagongomelea kigingi kipya. Mchana wanakula Dovecote Inn na kukubaliana faini za kupendekeza.

Wiki moja baadaye baraza linakaa palepale baani. Mwenyekiti ni wakili, ndiye msimamizi wa baraza. Mpiga mbiu analifungua kwa maneno ya kale ya Kifaransa cha Wanormani. Jopo linasoma taarifa, faini zinapitishwa, wanaapishwa wa mwaka unaofuata. Faini zenyewe ni ndogo, haziwezi kumfilisi mtu. Lakini jina lako limesomwa mbele ya watu unaokutana nao kila asubuhi.

Kuna jingine dogo ninalolipenda. Katikati ya makonde kuna mabonde membamba yenye maji, plau haiwezi kupita. Hayo hayalimwi, ni majani tu. Kila kiangazi majani hayo yanapigwa mnada, mkulima anayeshinda anayakata. Kwa kuwa hayajawahi kulimwa wala kumwagiwa mbolea, yamejaa maua ya mwituni ambayo kwingine yametoweka, na yanalindwa kisheria.

Ukitaka kufananisha na kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatupa Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba, wanawake wasiopungua watatu. Kwa maandishi ni zuri. Ila letu linaamka mtu akileta kesi, wakati tayari mapanga yameshanolewa. La Laxton linakwenda shambani kila mwaka hata kama hakuna aliyelalamika. Hatua nne za kihamba chetu zisingefika nne. Zingekamatwa zikiwa kiganja kimoja.

---

Fundi Ramani

Hapo umenigusa. Sisi tunaweka bikoni, tunaondoka. Hakuna anayerudi kuitazama hadi siku imeng'olewa. Na ramani? Wana ramani?

---

Mwana wa Masale

Fundi, ukiiona utalia.

Mwaka 1635 mpimaji aitwaye Mark Pierce alichora Laxton nzima: kila ngwe, kila nyumba, kila njia. Pamoja na ramani kuna daftari linaloeleza kila kipande ni cha nani. Na hakuchora mistari tu. Alichora watu: huyu analima, hawa wanavuna, wale wanawinda. Ramani iko Oxford, maktaba ya Bodleian. Mtu wa leo akiishika nakala yake anaweza kutembea Laxton bila kupotea, kwa sababu njia nyingi na mistari mingi iko palepale.

Aliyekuwa mwenye milki wakati huo ni Sir William Courten, tajiri wa London mwenye asili ya Flanders, mfanyabiashara wa hariri na kitani. Ni huyohuyo aliyetoa fedha za kupeleka walowezi wa kwanza wa Kiingereza Barbados mwaka 1627. Kisha mfalme akampa mtu mwingine hati ya kisiwa kilekile, Courten akapokonywa. Barbados ikaja kuwa kisiwa cha miwa na cha Waafrika waliofanywa watumwa. Naye Courten akageukia mashariki, akatuma merikebu India na China, na baada ya kifo chake mwaka 1636 kampuni ya mwanawe ikajaribu kuweka makazi Madagaska, ghuba ya Mtakatifu Augustino, makazi yakafa mapema.

Ramani ile nzuri kuliko zote imelipiwa na fedha ya mtu huyo. Nayapenda yale maandishi ya Pierce na siwezi kusahau mfuko uliomlipa.

---

Mto Rusizi

Bonjour kwenu. Mimi niko Kigali, nimezaliwa Bujumbura. Nimeshtuka kuona jina Laxton. Si ndiko kuna kituo cha kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi?

---

Mwana wa Masale

Ndiyo, dada au kaka yangu. Nilikuwa nasita kuligusa, ila umelileta wewe.

Pembeni ya kijiji kuna nyumba ya kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 1995 na familia ya Smith, ilianza kwa jina la Beth Shalom. Ina bustani ya mawaridi meupe yaliyotolewa na manusura na jamaa za waliouawa, kila moja na kibao chake. Ndugu wawili wa familia hiyo, Stephen na James Smith, ndio walioanzisha shirika la Aegis Trust mwaka 2000. Na shirika hilo, kwa kushirikiana na Jiji la Kigali, ndilo lililoanzisha Kumbukumbu ya Gisozi, ya mauaji ya kimbari ya Rwanda.

---

Mto Rusizi

Gisozi wamelala wa kwetu. Zaidi ya watu 250,000 wamelala pale. Ninapita kila Aprili. Sikujua kwamba kazi ile ilianzia kwenye kijiji cha ngano.

Asante kwa kuandika. Sina la kuongeza leo.

---

Bibi Shamba

Pole mwanangu wa Kigali. Tuko nawe.

---

Mkulima Mdogo Mbozi

Pole sana, ndugu.

Mkuu mleta uzi, nina maswali mawili nimalize. Vijana wanabaki Laxton au wanakimbilia mjini kama huku? Na ile siku ulipolizunguka konde na jopo, kuna aliyekutwa amekula mpaka?

---

Mwana wa Masale

La kwanza: ni kazi ngumu kuwabakiza. Wakulima ni wachache. Wanaolima makonde ni wapangaji wa milki, na kila mpangaji wa shamba ana ngwe zake ndani ya makonde pamoja na ardhi nyingine iliyozungushiwa ua. Faida kubwa haitoki kwenye ngwe. Trekta za sasa ni pana na konde la mapumziko halileti fedha ile ambayo lingeleta likipandwa. Kwa hiyo kila familia inayoendelea inafanya hivyo kwa gharama yake, na mkulima akistaafu kijiji kizima kinashika pumzi kujua nani ataingia.

La pili. Ndiyo, alikutwa mmoja.

Ilikuwa karibu saa tano asubuhi, ukungu haujainuka. Kiongozi alisimama kwenye kigingi, akatazama mstari, akanyamaza. Wengine wakaja wakasimama nyuma yake mmoja mmoja, wote wakitazama upande uleule. Ngano ilikuwa imechipua kupita pale ilipopaswa kuishia, upana kama wa kiganja na nusu, kwa urefu wa hatua kadhaa. Hakuna aliyetaja jina. Mmoja akachukua sepeto, akachimba polepole, akaupata mfereji wa zamani, udongo wake ukiwa na rangi tofauti kidogo.

Mwenye ngwe alikuwa humohumo kwenye jopo. Mzee wa makamo, kofia ya sufu, mikono kama ya babu. Akatoka kwenye kundi, akachukua kigingi kutoka kwenye trela, akapiga magoti kwenye matope, akakishika wima pale palipochimbwa. Jirani yake, yule aliyekuwa ameliwa, ndiye aliyeshika nyundo. Akapiga mara nne. Yule mzee akakitikisa kuona kama kimeshika, kisha jirani akampa mkono akamwinua, wakaendelea na ngwe inayofuata.